Nilimnyima Mama Uso wa Kaka Yake kwa Matairi ya Urembo

Usinihurumie. Kosa ni langu, na hasira hii ni juu yangu mwenyewe, ingawa imebaki kidogo ya kumgawia yule aliyeniuzia.

Nina gari dogo hapa Kasongo. Lilikuwa na matairi mazito, ya ubavu mrefu na meno makubwa. Hayakupendeza macho, lakini yalitoka kwenye kila tope. Siku moja akaja mfanyabiashara kutoka Bukavu na janti, yaani rimu, pana zinazong'aa, na matairi yake yale ya ubavu mfupi, mpira umezunguka chuma kama ukanda tu. Nikayapenda, nikayanunua papo hapo. Mjinga mimi!

Nisiseme uongo, yana uzuri wake. Niliwahi kuendesha gari la namna hiyo kwenye lami ya Bukavu: linashika kona, usukani unatii, breki zinakamata mara moja. Lakini huku kwetu kuna lami gani? Tuna vumbi, mawe na mashimo. Ubavu mrefu ndio unaomeza shimo. Ukiwa mfupi, pigo lote linaenda kwenye chuma, na kwenye kiuno chako. Mke wangu, ambaye hata haendeshi, alilalamika kiuno siku ya kwanza. Nikamwambia hajui mambo ya mjini.

Matairi ya zamani nilimpa jirani anayekata viatu vya mpira, hata lile la akiba. Eti yanachafua uwanja. Huo ulikuwa upumbavu wa kwanza.

Wa pili ndio unaonichoma. Asubuhi moja simu ilitoka Kabambare: mjomba, kaka pekee wa Mama, amefariki. Sisi ni Waislamu, hatuchelewi kuzika. Walisema watamngoja Mama amwone uso kabla hawajamfunika, lakini alasiri haitawapita. Binamu yangu alikuwa anaondoka na pikipiki, moto kama tunavyoiita huku, saa ile ile, akasema Mama apande nyuma yake. Nikakataa mbele ya watu wote.

"Mama hawezi kupanda moto na mimi niko na motoka."

Unajua kwa nini nilisema vile? Nilitaka watu wa Kabambare waone gari langu likiingia. Msibani, unanisikia? Msibani!

Njiani, karibu na Lusangi, tukaingia kwenye shimo dogo tu, shimo ambalo baiskeli ya muuza mafuta ya mawese ingepita bila kumwaga. Tairi likapasuka, janti ikameguka ukingo. La akiba sina, nilishaligawa. Nikachuchumaa nifute tope kwenye tairi nione ufa umefika wapi, na Mama amesimama juani na kitenge chake cha msiba.

"Kaka yangu iko ananingoya," akasema, "na wewe uko unapanguza pine."

Nikakimbilia barabarani kusimamisha pikipiki. Pikipiki zilizopita zilikuwa zimejaa. Ilipopatikana moja, jua lilikuwa limeshainama, na Mama akapanda nyuma ya kijana tusiyemjua. Alipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini na udongo miguuni. Walikuwa wamemngoja mpaka wakashindwa.

Hajanitukana hata siku moja. Afadhali angenitukana! Ningejua pa kuanzia kuomba msamaha.

Janti zile nimezitupa, gari lina matairi mazito tena. Juzi nikamkuta Mama anatoka shambani, mzigo wa muhogo kichwani. Nikasimama, nikamfungulia mlango. Hakuingia. Akaangalia miguu yake, nami nikaangalia. Alikuwa amevaa viatu vya mpira alivyokata yule jirani, na kwenye soli nikatambua meno ya tairi langu la zamani.

"Enda, mutoto wangu," akasema. "Hizi zinanifikishaka."

Akaendelea na njia yake, na mimi nikabaki nimeshika mlango.

Wewe unayetamani magurudumu ya kung'aa, kama unaishi kwenye lami, nunua, yatakufaa. Kama njia yako ni hii yetu, achana nayo. Na kama masikio yako ni mazito kama yangu yalivyokuwa, basi sikia hili moja tu: siku mama yako akipewa kiti cha pikipiki kwenda kuwaona wafu wake, funga mdomo wako, umpandishe.