Madam Karimi na muffin za mchanga wa mto

Nimeambiwa asubuhi hii kwamba Madam Karimi ametuacha, na mpaka saa hii kichwa kinakataa. Juzi tu alinipigia kunikemea kwamba sinywi dawa ya presha.

Kwa wale ambao hamkumjua: miaka ya tisini tulifundisha pamoja shule moja ya upili karibu na Kanyakine. Mimi hesabu, yeye Home Science. Nyumba zetu za walimu zilitenganishwa na ukuta mmoja.

Siku moja headmaster alisema kwenye staff meeting, "Home Science bila oven ni ya nini? Ugali watafundishwa na mama zao. Hii subject tuitoe."

Karimi hakubishana. Alisema, "Nipe mpaka mkutano wa wazazi."

Alikuwa ameonja muffin za oats na chocolate chips kwenye semina Nairobi. Akaamua atazioka nyumbani kwake, bila stima. "Nikiweza hizi, Mwalimu, hakuna atakayeniuliza oven tena."

Niwaeleze alivyofanya, maana wengi huuliza. Sufuria kubwa kwenye jiko, ndani mchanga wa mto uliooshwa na kukaushwa. Juu ya mchanga, mikebe midogo yenye unga uliokorogwa. Halafu mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Moto ukitoka chini na juu, hiyo tayari ni oven.

Joto alilipima kwa kurusha unga kidogo kwenye mchanga. Ukigeuka kahawia polepole, weka mikebe. Ukiungua papo hapo, punguza makaa.

Chocolate chips hazikuwa kwa maduka yetu. Alinunua chocolate ya kawaida Meru mjini, akaifunga kwa jani la mgomba na kuiegemeza kwenye mtungi wa maji, ili ipoe na ikatike bila kuyeyuka.

Mara ya kwanza, janga. Sisi watu wa huku oats tuliijua kama uji, basi. Kwa hivyo Karimi aliipika kwanza ikawa uji, ndipo akaichanganya na unga. Zilitoka nzito ajabu.

"Madam, hii tunatafuna ama tunajengea?"

"Meza kwanza, Mwalimu. Maoni baadaye."

Jumamosi iliyofuata aliloweka oats mbichi kwenye maziwa, akaiacha inywe. Zikaumuka, lakini chocolate yote ikazama chini. Akaanza kuvipaka vipande unga mkavu kabla ya kuvitia. Vikakaa mahali pake.

Jirani mmoja alimwambia anaharibu mayai bure. Alijibu, "Kuku ni wangu, mama," akaendelea kukoroga.

Siku ya mkutano alipitisha sinia mwenyewe. Mwenyekiti wa wazazi aliigeuza muffin yake mkononi kama anayekagua kiazi.

"Hii imeokwa na stima gani?"

"Na mchanga, Mzee."

"Mchanga uko ndani?"

"Ukiupata, nirudishie. Niliubeba mbali."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha mama mmoja akasimama nyuma na kusema, "Kama msichana wangu atafundishwa kufanya hii kwa jiko langu, na kijana wangu pia, basi hiyo subject isiguswe."

Headmaster alimaliza yake, akachukua nyingine, akasema somo litaendelea.

Karimi hakusherehekea. Jumatatu aliwapeleka wanafunzi wake mtoni na ndoo.

Tangu habari hizi zienee, wanafunzi hao wananipigia. Mmoja ana bakery Embu. Mwingine anafundisha Home Science, na ana oven ya kweli, lakini anasema kila darasa jipya analianzishia kwa jiko.

Tutakuzika Ijumaa, Madam, na nitasimama kuzungumza hata sauti ikinikatika. Sitasema ulikuwa mpole, maana hukuwa. Nitasema walitaka kukunyang'anya darasa na hukuliachilia.

Pumzika sasa, rafiki yangu. Lala salama, wanafunzi wako wanaendelea.