Ufunguo wa Dari la Bi Shariffa

Saa mbili asubuhi, jua la Agosti 2010 halijapata makali. Juu ya nyumba ya ghorofa tatu katikati ya Mji Mkongwe, mwanamume wa miaka arubaini na minne amesimama kwenye mlango wa kutokea darini, mzongo wa waya begani, wala hatoki.

"Hodi darini! Fundi huyo!" anaita. Anangoja, anaita tena, kisha mara ya tatu. Halafu anahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini ndipo anapokanyaga nje.

Hivi ndivyo afanyavyo Talal Sleiman tangu alipoanza kazi ya kufunga madishi mwaka 1991. Ukisimama kwenye dari moja mjini hapa, macho yako yanaangukia nyua za nyumba nne, na humo wamo wanawake wanaochana nywele, wanaofua, wanaojilalia zao mkekani. Fundi asiyepiga hodi na awe bingwa wa dunia nzima, kazi ya pili mtaani haipati.

Kazi ya leo, kwa mtu wa ujuzi wake, ni ya nusu siku. Shangazi yake, Bi Shariffa, mwenye umri wa miaka sabini na tatu, ametumiwa televisheni bapa na mwanawe Ammar aliyeko Maskati. Anataka picha ya HD, ile safi inayoonesha mpaka jasho la mtu, na anaitaka kabla ya Jumamosi, siku ligi ya Uingereza inapofunguliwa. Maana bibi huyu, usimwone na buibui lake ukadhani vingine, hakosi mechi.

"Namba tatu na namba nane nnaziona mamoja," analalamika. "Nshachoka kuuliza nani kafunga."

Lakini Talal, aliyefunga madishi zaidi ya mia sita kutoka Mji Mkongwe mpaka Jozani, leo anakanyaga taratibu kama mgeni. Ana miaka kumi na saba hajalikanyaga dari hili.

Mwaka 1992 alikuwa kijana mwenye cheti kipya na kichwa kikubwa. Dishi lake la kwanza kubwa, lile la wavu la upana wa kitanda, alilifunga hapa hapa kwa shangazi aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alitoboa ukuta wa darini, akapachika bolti nne, akazishindilia saruji. Mtaa mzima ukaja kutazama, na Bi Shariffa akagawa kahawa na halua.

Masika yaliyofuata, kipande cha ukuta kiling'oka pamoja na dishi lake, vikaangukia uani kwa jirani, Bi Wanu. Dakika hiyo hiyo Bi Wanu alikuwa ameondoka kwenye mbuzi yake ya nazi kwenda kufungua mlango. Mbuzi ikapasuka vipande viwili.

"Mie nlikuwa nimeikalia ile mbuzi," anasema Bi Wanu leo. "Asingebisha yule muuza samaki, mngenizika."

Bi Shariffa hakupiga kelele. Alimnunulia jirani mbuzi mpya, akatia kufuli mlango wa dari, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Akamwambia Talal kwamba nyumbani ni kwake, aje ale, aje alale, ila dari asiliguse tena. Na kweli hakuligusa. Kila dishi la shangazi lilipotaka mkono, aliitwa fundi mwingine, na Talal akikaa chini sebuleni akisikia nyundo ya mwenzake juu ya kichwa chake.

"Iliniuma, sikufichi," anasema. "Watu wakiniuliza, wewe fundi mkubwa, mbona kwa shangazi yako anapanda mwengine? Nnawajibu nini?"

Jawabu alilitafuta kwa njia yake. Aliacha madishi miaka miwili, akaenda kubeba ndoo za chokaa kwa Mzee Kificho, mwashi aliyekuwa akitengeneza nyumba kongwe. Huko ndiko alikojua kosa lake. Ukuta wa mawe ya matumbawe umejengwa kwa chokaa, nao unavuta unyevu na kuutoa. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, maji yanakwama nyuma yake, na mawe yanageuka unga pole pole bila ya mtu kujua.

"Mzee Kificho akinambia, ukuta huu unapumua, wewe umeuziba pua," anakumbuka Talal na kucheka.

Tangu hapo hatoboi ukuta wa mtu. Dishi lake linasimama juu ya fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, imewekwa sakafuni juu ya vipande vya mpira na kupakiwa mawe. Wenzake walimcheka, wakasema anajenga kaburi. Siku hizi wanamwazima fremu. Wiki nzuri hupata nyumba nne, kila moja shilingi elfu thelathini, na kwa pesa hizo amejenga Kiembe Samaki na kusomesha watoto watatu.

Wiki iliyopita ilijulikana kuwa yule fundi wa shangazi ameshahamia ng'ambo. Bi Shariffa akamwendea Bi Wanu kuuliza anamjua nani mwingine. Bi Wanu, mwenye haki ya kusema kuliko wote, akamwambia amwite Talal, mwanawe wa kumlea, kwani aliyevunjiwa mbuzi ni yeye na yeye alishasamehe zamani. Ndipo ufunguo ukafunguliwa kutoka kwenye pindo la kanga.

Sasa Talal anainama penye dishi kuukuu, anapitisha kidole kwenye bolti, na kidole kinatoka na unga mweupe wa mawe. Saruji. Kosa lile lile, ukuta ule ule, na ufa umeshatambaa urefu wa mkono kuelekea uani kwa Bi Wanu.

Angeweza kumsema mwenzake aliyelifunga, na nani angemlaumu? Anashuka tu, anamwomba shangazi apande aje aone. Bi Shariffa anapanda ngazi moja moja, ameshika magoti. Anautazama ufa, anaugusa, anamtazama Talal.

"Huyu naye?" anauliza.

"Naye hakufunzwa, shangazi. Kama mie."

Bibi anakwenda ukingoni upande wa pili, anavuta pumzi, na kwa sauti ambayo mtaa haujaisikia siku nyingi anaziita nyua zote nne: "Enyi! Jistirini na kazi zenu, leo fundi atachelewa! Ni mwanangu Talal, anautengeneza ukuta!"

Talal anageuka upande, anajifuta uso kwa mkono wa shati. Ni vumbi la chokaa, anasema.

Kazi ya nusu siku inakula siku mbili. Anazing'oa bolti, anajaza matundu kwa chokaa, anasimamisha fremu, anafunga dishi jipya na kulielekeza mpaka mita yake ya kupimia mawimbi inapolia mfululizo. Chini anaunganisha dekoda mpya ya HD kwa waya wake wa HDMI, ule unaopitisha picha safi. Wengi, anasema, hununua televisheni ya gharama kisha huchomeka zile waya tatu za rangi za zamani, wakaapa kuwa wanaona tofauti.

Jumamosi jioni mabibi wawili wamekaa kochi moja. Mpira unapigwa, na Bi Shariffa anamtaja kila anayeugusa kwa namba yake. Bi Wanu anamwambia anyamaze, naye ana macho. Talal amesimama mlangoni, kifua mbele.

Ana mpango. Anataka kupanga chumba Kiembe Samaki awafunze mafundi vijana kazi ya madishi, na wiki ya kwanza wasiguse waya, wabebe chokaa. Mzee Kificho, ingawa macho yamepungua nguvu, ameshakubali kuja kukaa kitini na kuwagombeza.

Wakati wa mapumziko anautoa ufunguo mfukoni na kumnyooshea shangazi yake. Bi Shariffa anautazama, kisha anayarudisha macho kwenye televisheni.

"Kaa nao," anasema. "Vuli likija, nani atapanda kuutazama ukuta wetu?"

"Naam, shangazi," anajibu Talal, na ufunguo anaurudisha mfukoni.