Kibao Kilichopakwa Siagi

Mimi kusoma nimesoma ukubwani, madarasa ya jioni, ndevu zikiwa zimeshaanza kuota mvi. Cheti ninacho, na nimekitundika mahali ambapo mgeni hawezi kuketi asikione. Lakini wakati wa Mdachi, wakati wa mambo ninayoyaandika hapa, sikujua alifu wala be. Ndiyo maana waliponituma kwenda kuchagua vifaa vya shule, nilikwenda kama mtu anayekwenda kuchagua jembe.

Nyumbani kwetu palikuwa upande wa Kongwa. Nikiwasimulia watu husema ulikuwa mwendo wa siku tano kufika Dodoma. Kwa kuwa hapa naandika, tuseme siku mbili na kipande.

Dada yangu mkubwa alikuwa mjane. Alizaa watoto wanne akazika watatu, akabakiwa na mvulana mmoja mwembamba mwenye macho makubwa. Huyo mpwa wangu alifundishwa kusoma na mwalimu wa misheni ambaye darasa lake zima lilikuwa na ubao mmoja wa mti, na waliandika juu yake kwa mkaa. Mkaa ukibaki shuleni, mtoto aliendelea nao nyumbani. Ukuta wa tembe la dada ulijaa herufi kutoka mlangoni mpaka zizini, nami naapa mbuzi wa nyumba ile walijua kusoma kabla yangu.

Basi ikaja habari kutoka bomani Dodoma kwamba shule ya serikali inafungua darasa la kati, la wavulana ambao tayari wanajua kuandika. Jumbe wetu ameambiwa atoe mmoja tu katika vijiji vyake vyote. Akamtoa mpwa wangu. Tarishi aliyeleta habari alisimama uani akavitaja vitu vya kubeba kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mahari: kibao cha jiwe, kalamu mbili za kuandikia juu yake, kitambaa cha kufutia, kanzu nyeupe, kofia, mkeka. Na siku ya kwanza, akasema, kila mvulana ataandikishwa mbele ya Bwana Mkubwa juu ya kibao chake mwenyewe. Asiyeandika anarudi kwao siku ileile, na nafasi yake anapewa mwingine, maana wanaongoja ni wengi.

Dada alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. Kwetu mjomba ndiye mdomo wa mama mbele ya watu, na miguu yake pia.

Jumbe alitaka vitu vyote aonyeshwe kabla mtoto hajaondoka, asije akaaibika. Kwa hiyo nilitangulia Dodoma peke yangu. Reli ilikuwa imeshafika, na karibu na stesheni palikuwa na duka la Mswahili mmoja wa mjini ambaye baba yake alikuja na misafara akalowea. Alikuwa na kanzu safi na ulimi mrefu.

"Karibu, bwana wa ng'ombe," akasema. "Leo tumekuja kununua shanga?"

"Kibao cha shule."

"Cha nani?"

"Cha mpwa wangu."

"Nilidhani chako, nikataka kufunga duka nikapige mbiu."

Akanitolea vibao kama kumi, vyeusi, vyenye fremu za mti. Nikachutama nikaanza kazi. Chungu kizuri hujulikana kwa kugongwa. Chenye ufa husema kama mtu mwenye mafua. Nikavigonga vile vibao kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, mpaka watu wakasimama mlangoni, na nadhani hata garimoshi lilichelewa kuondoka likinisubiri.

Kimoja kililia vizuri, lakini upande mmoja kilikuwa kimechorwa mistari.

"Hiki kimekwaruzwa," nikasema. "Nipe kizima."

Mwenye duka alicheka mpaka akashika nguzo. "Ewe ndugu yangu, mistari hiyo ndiyo barabara ya herufi! Bila hiyo zitapotea porini."

"Mpwa wangu hapotei," nikasema. Nikachukua kisicho na mistari, na kalamu mbili, na vingine alivyovitaja tarishi.

Njia nzima nilikibeba mgongoni katika ngozi ya mbuzi, ile ambayo wanawake wetu hubebea watoto, maana nilikuwa nimeambiwa kuwa jiwe lile huvunjika kama yai. Wachungaji niliokutana nao hawakuniacha. "Mbukwa!" walinisalimu kutoka mbali. "Mtoto hajambo? Ameota meno?" Nikawajibu kwamba ameota yote na anauma.

Nilipofika, mpwa wangu alikipokea kwa mikono miwili. Alikaa nacho mchana kutwa akaandika, akafuta, akaandika. Kalamu ililia kwii, kwii, ng'ombe wakageuza masikio. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nilileta kibao kibovu. Kilikuwa kizima, na kiliandika.

Alfajiri ya safari dada alitoka na kibuyu cha siagi. Kwetu kijana akiondoka kwenda mbali, na ng'ombe au kwa jambo lolote, mama humpaka siagi kwenye paji la uso, kifuani na miguuni. Kisha hupaka kila kitu ambacho kitakuwa mkononi mwa mtoto wake mahali ambapo yeye mama hayupo: fimbo, mpini wa mkuki, kamba ya kiatu. Na siagi ile haifutwi. Huachwa jua na vumbi vyenyewe viikaushe. Anayeifuta amemtoa mtoto katika mkono wa mama yake.

Dada alimpaka mtoto polepole sana. Nilimwona akitaja kimoyomoyo majina ya wale watatu. Kisha akaketi, akakilaza kibao mapajani, akakipaka mbele na nyuma, mpaka kwenye pembe za fremu, kwa kiganja kizima, kama mtu anayepaka mgongo wa mtoto mchanga. Kikang'aa. Sote tulikiona kizuri. Mimi, mwenye duka wa ulimi mrefu angeniuliza, ningemwambia kwamba sasa ndipo kimekuwa kibao.

"Kisifutwe," dada akasema.

"Hakifutwi, mama," mtoto akajibu.

Tukakifunga katika ngozi, tukaondoka, na hatukukifungua njiani hata mara moja.

Tulifika bomani asubuhi ya siku yenyewe. Wavulana walikuwa wamepangwa mstari juani, wengi kuliko nzige. Kwa kweli walikuwa kama thelathini. Kwenye kivuli cha baraza alikaa Bwana Mkubwa Mdachi na kitabu chake. Mwalimu, mtu wa pwani mwenye kofia iliyodariziwa, alipita mvulana mmoja mmoja, akitaja maneno mawili matatu, mtoto anaandika, anainua kibao. Wengine walielekezwa kulia. Wengine walielekezwa langoni. Sisi wenye watoto tulisimama nyuma, na askari alituambia tusipumue kwa nguvu.

Mpwa wangu alifungua ngozi, akaijaribu kalamu pembeni. Nikamwona anajaribu tena. Akageuza upande wa pili. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho, na uso wake ulikuwa umekauka kama mto wetu wakati wa kiangazi.

Nikamsogelea. Askari alikuwa anamtazama mtu mwingine.

"Mjomba, hakiandiki."

"Hakiandiki vipi? Juzi kiliandika."

"Kalamu inateleza. Tazama."

Niliitazama. Kalamu ilipita juu ya siagi bila kuacha hata alama ya mguu wa sisimizi. Mbele yake walibaki wavulana saba.

"Lete nikifute."

Akakikumbatia kifuani. "Mama alisema kisifutwe."

"Nimesikia. Nilikuwepo."

"Basi mimi sifuti, mjomba. Wale wengine walikufa nyumbani, mbele yake. Mimi nitakuwa huku peke yangu."

Watu hudhani mtoto wa miaka kumi na mitatu hajui anachobeba. Yule alijua. Nikikiacha kibao na baraka yake, mtoto anarudi kuchunga, na kile alichokiandika ukutani miaka yote kitabaki kusomwa na mbuzi. Nikikifuta, atabaki mjini bila mkono wa mama yake juu yake, na mfutaji ni mimi. Wavulana wakawa watano.

"Nipe," nikamwambia. "Hukufuta wewe. Amefuta mjomba wako. Mama yako atadai kwangu."

Mikono yake ikalegea. Nikakichukua.

Nyuma ya baraza mama mmoja wa mjini, amejifunga kanga kifuani, alikuwa anapikia askari. Nikamwendea mbio.

"Shikamoo, mama. Naomba majivu."

"Marahaba. Majivu ya nini?"

"Ya kutoa mafuta."

Nikachota pale jikoni nikaanza kusugua, nimepiga magoti, jasho linanitoka. Akasimama na mwiko wake.

"Makubwa haya! Kwenu wanaume ndio wanaoosha vyungu?"

"Leo ndio."

"Na huoshi vizuri. Mafuta gani hayo?"

"Siagi. Mama yake alimpaka mtoto baraka ya safari, akapaka na kibao."

Mwiko ukashuka. Hakunitania tena. "Majivu hayo ni baridi, baba, yatayasambaza tu. Chukua haya ya moto." Akanimwagia majivu kutoka chini ya mafiga, akaongeza tone la maji yaliyokuwa yanachemka, na vidole vyangu viliungua nikaona nyota mchana. Nikasugua. Jiwe likaanza kurudia rangi yake, rangi iliyofifia kidogo.

Mikononi mwangu kikabaki kitu kama udongo mweusi, siagi na majivu. Nikawa nimeinua mkono niukung'ute, nikashindwa. Sikuweza kuitupa siagi ile chini, mahali kuku wa askari wanapodonoa. Nikaipaka kifuani kwangu, yote, viganja vyote viwili, mpaka mikono ikabaki mitupu.

Yule mama alinitazama. "Umeichukua wewe," akasema taratibu.

"Nimeichukua mimi."

"Haya, kimbia."

Nilikimbia kiasi kwamba kivuli changu kilifika baada yangu. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya mpwa wangu.

"Wewe kibao chako kiko wapi?"

"Hiki hapa, bwana mwalimu," nikasema, nikakiweka mikononi mwa mtoto, bado kina ujoto. Mwalimu alinitazama kifua. Akataja maneno yake. Kalamu ikagusa jiwe, nami nikasikia ile sauti, kwii, nyembamba sana. Maandishi yalikuwa hafifu, ikabidi mwalimu akiinamishe kibao kwenye jua. Akakitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kulia.

Mpwa wangu hakutabasamu. Alikwenda upande wa kulia. Alipofika aligeuka, akanitazama kifua, si uso.

Njia ya kurudi sikutania na mtu. Nilimkuta dada anasaga uwele. Akaacha jiwe.

"Wamemchukua?"

"Wamemchukua."

Akapumua. Ndipo nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, sikukaa: kalamu, maneno ya mtoto, majivu. Nilijiandaa kwa matusi, na dada yangu akitukana hata fisi huhama. Hakutukana.

"Na siagi yangu uliitupa wapi?"

Nikafungua shuka nikamwonyesha. Ilikuwa imekauka, imepasuka kama tope la bwawa.

Akaja karibu akaigusa kwa kidole. "Basi usiioshe," akasema. "Mpaka nimwone."

Sikuthubutu kumwuliza mpaka lini. Mtoto angerudi wakati wa mavuno, na mtama ulikuwa haujatoa hata masuke. Sikuosha kifua. Miguu niliosha, uso niliosha, lakini hapa katikati nilipita na maji kwa mbali kama mtu anayezunguka shamba la mwenzake. Nikijinusa mwenyewe nilijihurumia. Mke wangu alihamishia ngozi yake ya kulalia upande wa ndama, akaniambia ndama wana harufu nzuri zaidi. Watu walipocheka nilicheka nao. Lakini msafiri mmoja alipopita akasema kuna homa mjini na baadhi ya wavulana wa shule wamelala, sikucheka. Dada alikuja asubuhi hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata, anatazama tu kama lile tope bado lipo. Lilipoanza kubanduka kwenye ubavu nilikipunguza hata kicheko, lisije likaanguka.

Mtoto alikuja tukiwa shambani, tunakata mtama. Tulimwona kwanza kanzu, kisha yeye, amerefuka, amekonda. Homa ilimpata ikamwacha. Mama yake alidondosha kisu akamshika kichwa, akamshika mabega, akamkagua kama mtu anayepokea ndama aliyepotea. Hakulia.

Kisha akaniita mimi. Maji yalikuwa ya shida mwaka ule, kisima kilikuwa mbali, lakini alileta kibuyu kizima. Akaniketisha kwenye kigogo mbele ya watu wote wa shambani, mimi mtu mzima mwenye mke, akaniosha kifua kwa mkono wake, polepole, mpaka ngozi ikatokea. Mtoto alimshikia kibuyu.