Niliunguza Treni ya Baba Otieno, Nikamwachia Mwanawe Lawama

Kosa ni langu. Si la shetani, si la stima. Treni ya Baba Otieno niliiunguza mimi, na mwanawe ndiye anabeba lawama mpaka leo.

Mimi ni fundi wa redio hapa Mamboleo. Shule niliacha darasa la nne, lakini redio nimefungua kabla wengi wenu hamjazaliwa. Zile za zamani ulikuwa unangoja zipate moto kwanza ndiyo ziongee, kama mzee akiamka... wacha hiyo.

Baba Otieno ni rafiki yangu, alistaafu kazi ya reli. Kijana wake Otieno, yuko Ujerumani, alimtumia treni ndogo ya umeme yenye vichwa viwili, unaiendesha juu ya meza na rimoti. Mzee mzima anapiga honi kwa mdomo, nyumba yote inacheka!

Siku moja kichwa kimoja kikaanza kusumbua. Kinaenda kidogo, kinasimama, taa zinapepesa. Akaniletea. Ndani nikakuta bodi ndogo kama ukucha, ile inasikia rimoti na kuamuru mota. Sikuijua. Kusema sijui, mdomo ukakataa. Nikafanya vile sisi mafundi wa huku tunafanya bodi ikitushinda: tunapiga dairekti, umeme unaingia bila kupitia bodi. Friji nimepiga dairekti, pampu ya kanisa nimepiga dairekti, na zinafanya kazi. Nikakata bodi, nikaunga mota moja kwa moja na waya za magurudumu, yale yanayochota umeme kwenye reli.

Tukaiweka kwa reli. Mota ikalia kama nyuki, haikusonga, kisha moshi. Kwisha.

Akaniuliza imekuwa nini. Nikasema, "Baba Otieno, hii ilikuja ikiwa mbovu. Kijana aliuziwa takataka."

Akapiga simu hapo hapo, akaweka spika. Otieno akasema aliijaribu mwenyewe kabla ya kuituma.

"Fundi yuko hapa mbele yangu," mzee akamwambia. "Unataka kusema huyu mzee ni mwongo?"

Kijana akakata simu. Neno moja tu, jamani, ningelisema pale!

Wiki mbili hivi baadaye, kichwa cha pili kikasumbua vilevile. Mama Otieno, ambaye hukaanga samaki karibu na hiyo meza, akapangusa reli na magurudumu na kitambaa cha spiriti. Kikakimbia. Ilikuwa mafuta na vumbi. Ile bodi niliyokata haikuwa na ugonjwa wowote.

Krismasi Otieno hakuja nyumbani. Simu hapigi. Baba yake anasema kijana ameota pembe huko kwa wazungu, na anasema hivyo akinimiminia chai. Nami nainywa.

Jana nilimwomba Mama Otieno namba ya kijana. Akadhani nataka kuwapatanisha. Akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu anibariki. Namba iko mfukoni. Sijapiga. Nimeanza na nyinyi kwa sababu nyinyi hamnijui.

Wewe fundi, pangusa kabla hujakata. Na kama umeharibu kitu cha mtu, mwambie leo, kabla mke wake hajaanza kukushukuru.