Zamu ya Kalekye Kupewa Jina

"Duka si mtoto, Mama Mutindi," nikamwambia. "Duka halinyonyi."

"Linanyonya kushinda mtoto," akasema Kalekye. "Na zamu ni yangu."

Tulikuwa kwangu Kitengela, chai katikati yetu, kila mtu na kikapu chake mapajani, na tulikuwa tukigombana tangu saa tatu. Kalekye ni mama ya mke wa kijana wangu. Muturi wangu alioa Mutindi wake, wakazaa Jackie, na sasa Jackie amepata chumba cha duka kwa ile moli mpya ya barabara ya Namanga. Atauza vikapu vyetu. Kalekye anasuka, mimi nashona ngozi na mikanda. Siku hiyo ndiyo ubao wa mlangoni ulikuwa uandikwe, na ubao una nafasi ya jina la nyanya mmoja tu, na Jackie alisema hauandikwi mpaka tukubaliane.

Kwetu majina yako na zamu. Msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Jackie akaja wa kwanza, akaitwa mimi: Jackie Nyaguthii. Kalekye akangojea wa pili. Wakaja vijana watatu wakifuatana kama magari ya arusi, kisha Mutindi akasema imetosha. Kwa hivyo Kalekye amekaa miaka ishirini na sita bila mtu wa kuitwa jina lake, na sasa anasema duka ndilo msichana wa pili.

Ningemwachia. Mimi si mtu mbaya. Lakini nenda uone hiyo moli. Zamani duka lilijaa vitu mpaka mlangoni, ukaingia kwa mbavu. Siku hizi chumba kizima kina viatu sita, na kila kiatu kimewekewa taa yake kama mgonjwa. Na majina. La Bella. London Look. Duka la viatu linaitwa Milano, na mwenyewe ni Mureithi wa Laiser Hill, ambaye mbali alikofika ni Loitokitok, na huko alitapika. Kinyozi ni wa Paris. Sukuma wiki imefungwa kwa karatasi ya nailoni, imeandikwa kizungu, imekuwa sukuma ya watu wengine.

Jackie ameshika hiyo njia. Akachukua jina la Kalekye, akalikata mkia, akaweka kialama kidogo juu kama nzi aliyetua: Kalé. Akasema hilo linaenda popote, hata ng'ambo. Nikamuuliza, na Nyaguthii? Akanikumbatia. Mtu akikukumbatia badala ya kukujibu, umejibiwa.

Sasa niambie, Kalekye ni nani wa kuandikwa na taa? Mimi namjua. Alikuja Kajiado akiwa bibi ya Muema, mchimba mawe, na sanduku moja na kuku ambaye hakutaga mpaka akafa. Hakujua mtu. Alisuka akienda mtoni, alisuka kanisani, alisuka akimzaa huyo Mutindi, na nasikia mtoto alitoka akiwa ameshika uzi. Muema alipoangukiwa na jiwe mguuni, ni vikapu vilivyolisha nyumba. Hayo ni kweli, sikatai. Lakini vikapu vyake vilikuwa vinakatika mdomo. Ni mimi niliyekaa kwa yeyo Nashipae, mama wa Kimaasai kule Kimuka, miezi miwili, nikajifunza ngozi. Kikapu bila mkanda wangu ni kiota. Mkanda wangu mmoja ulivuta lori kutoka kwa matope ya Isinya, na lori lilikuwa limebeba mahindi, na dereva alikuwa mnene. Mbona hakuna anayeuliza nani alishona?

Basi nikaweka kikombe chini, nikamwambia kwa sauti ya kanisani, "Mama Mutindi, sikutaka kukwambia. Wiki iliyopita nilipita moli yote nikiuliza majina. Kuna askari wa mlango, anaitwa Elphas, kijana mwenye heshima. Nikamuuliza, huyu mtu ameandikwa kwa kola ya shati ni nani? Akasema ni mzee wa ng'ambo, alikufa. Na wa saa? Alikufa. Na huyu mama wa marashi? Huyo alikufa hata kabla tuzaliwe."

Ukweli, Elphas aliniita nyanya kwa Kikuyu, akasema, "Sijui, Cucu, labda walikufa." Na nilimuuliza watatu tu.

"Wote?" akauliza Kalekye.

"Nilihesabu thelathini. Jina likipanda mlangoni, mwenyewe anashuka."

"Na Mureithi? Si yuko hai?"

"Ameandika jina lake? Ameandika Milano. Unafikiri kwa nini wote wanajificha nyuma ya miji ya watu?"

Akainamia kikapu. Nilikuwa nimewaambia kina mama watano kanisani hayo hayo, ili yamfikie kutoka kila upande, na mmoja wao, Mama Joram, alikuwa ameshakwangua jina lake kwa kibanda cha mboga. Kalekye akasuka mzunguko mmoja, akasuka wa pili. Huo wa pili aliukosea, akaufumua, akausuka tena. Nikafurahi, kisha furaha ikapungua, sijui kwa nini.

Alipomaliza wa tatu akaniangalia.

"Basi liandikwe lako," akasema. "Mimi bado niko na ng'ombe ya kuzaa mwezi ujao, nataka kuiona. Wewe ni mkubwa kwangu. Nyaguthii."

Nilikuwa nimelitaka hilo neno mwaka mzima. Lilipokuja, nikaanza kulitafutia kasoro.

"Jina langu ni refu," nikasema.

"Tutalikata. Nyagú. Tuweke kile kialama."

"Ubao hautatosha."

"Unaogopa, Mama Muturi?"

"Mimi? Niliwahi kufukuza fisi kwa mwiko."

"Ulinieleza. Mara ya kwanza ulisema alikuwa mbwa." Akavuta uzi, hakucheka. "Sema tu. Kama ni kweli wanakufa, tuandike Milano kama wengine. Kama ni uongo, zamu ni yangu na unajua ni yangu. Miaka ishirini na sita, mama. Hata ndama nikimpa jina langu watu watanicheka."

Nikaangalia mikono yake. Vidole vimepinda vyote upande mmoja, upande wa uzi.

"Kalekye," nikasema, na simwitangi hivyo, "huyo askari, vile alisema hasa ni kwamba..."

Mlango ukafunguka bila hodi. Jackie, rangi kwa kidole, jua nyuma yake.

"Cucu, Susu," akatuita nyanya zake wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, "Nzau wa kuandika yuko nje na ubao. Amechanganya rangi na inakauka. Nimwambie aandike nani?"

Kalekye akakata uzi kwa meno, akanigeukia mimi nijibu. Mimi nikainua kikombe changu. Kilikuwa kitupu, nikanywa tu.