Chetezo Juu ya Betri

Mwaka aliozaliwa mtoto wetu wa kwanza, betri ya gari yangu ilikuwa inalala sebuleni. Nilikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha kubebea mizigo, na kazi yangu ilikuwa kusomba vitu vya watu: leo makochi ya mtu anayehama, kesho vinyago vilivyofungwa kwa magazeti kutoka Mwenge. Tulipanga Tabata, kwenye nyumba isiyo na geti. Gari ililala nje, na vibaka wa mtaa ule walijua kufungua betri kuliko mafundi. Wakaichukua moja. Nikanunua nyingine iliyotumika, na kuanzia hapo kila jioni nikawa naifungua na kuingia nayo ndani, naiweka kwenye kona nyuma ya kochi.

Betri iliyotumika haina shukrani. Unaichaji leo, keshokutwa unageuza ufunguo gari inakohoa tu. Nikachoka kuwaomba madereva wenzangu waniunganishie nyaya kila asubuhi, maana siku ya kwanza mtu anakusaidia kwa moyo mmoja, ya tatu anapokea simu ambayo haijaita. Nikanunua chaja yangu mwenyewe, ya bati, yenye mshale na swichi mbili. Muuzaji alinieleza taratibu zake huku amenikazia macho, kana kwamba ananikabidhi binti yake. Zima ukutani kwanza. Kibanio chekundu kwenye alama ya kujumlisha, cheusi kwenye ya kutoa, ndipo uwashe. Ukimaliza, zima tena ukutani ndipo uvitoe, usije ukaruhusu cheche. Chajia mahali penye upepo na moto usisogee, kwa sababu betri ikichajiwa inatoa gesi, na gesi hiyo huioni. Tumia swichi ya polepole, akasema, ile ya haraka waachie wenye haraka ya kufa. Nilicheka. Yote niliyafuata isipokuwa la upepo, kwa sababu upepo wa Tabata uko nje na vibaka wako hukohuko. Nikawa nafungua dirisha na kujiona nimemaliza.

Ndipo akaja mama mkwe.

Alitoka Kunduchi kuja kumlea mzazi mpaka arobaini ifike. Katika mzigo wake kulikuwa na chetezo cha udongo cha kuchomea udi, amekiviringisha kwenye khanga ili kisivunjike njiani. Asubuhi na jioni alitia makaa, akadondoshea udi, akamfukizia mwanawe na mjukuu wake huko chumbani, na harufu yake nzuri ikatoka mpaka barabarani. Nasema wazi, bila yeye tungeumbuka. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, hata ndoo hakuweza kuinua. Mama yangu mzazi yuko kusini, na miguu yake haimruhusu tena safari. Mama mkwe ndiye aliyeosha, aliyepika, aliyemwogesha mtoto kwa mikono inayojua, na mimi mwenyewe nilinenepa.

Tatizo letu lilikuwa moja tu: mimi na yeye hatukuwa tunaongea. Si kwa ugomvi. Nilivyolelewa mimi, mkwe humtazami usoni. Baba yangu akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, alikuwa anakatisha kwenye mihogo ya watu ilimradi wasikutane. Mjini mambo yamelegea, nina rafiki anayetaniana na mama mkwe wake mpaka unaona aibu wewe msikilizaji. Mimi sikuweza. Shikamoo, marahaba, basi. Lililozidi hapo lilipita kwa mke wangu, yeye akawa ndiye posta yetu.

Kwa hiyo nilipoona makaa yanapita sebuleni kila jioni na betri iko kwenye chaja, nilimtuma yeye. Nikamwambia amweleze mama asisogeze moto kwenye ile kona. Mke wangu alikuwa ananyonyesha huku anasinzia. Akaita kupitia kwenye pazia, "Mama, lile dude la pale kwenye kona usiliguse, lina umeme." Mama akaitikia, na akawa mtiifu kuliko sote. Hata akifagia alikuwa anaizunguka kwa mbali. Nami nikaona ujumbe umefika.

Jumamosi moja mashoga zake watatu kutoka Kunduchi walikuwa waje baada ya swala ya alasiri kumwona mtoto. Mimi nilikuwa na mzigo wa kupeleka Temeke jioni ileile, na betri ilikuwa imekufa kabisa. Nikaichomeka sebuleni. Nilitaka iwe imetoka kabla wageni hawajaingia, nikabonyeza swichi ya haraka, nikatoka nje kubadilisha tairi. Nyuma yangu mama akafunga dirisha, kwa sababu ya upepo na mtoto mchanga.

Betri ikichajiwa kwa nguvu namna ile inachemka, na ikichemka sana inanuka mayai viza. Sasa mfikirie mwanamke wa pwani, wageni wake wako mlangoni na sebule ya mwanawe inanuka mayai viza. Hakuuliza ni kitu gani. Alitia makaa kwenye chetezo, akatoa ule udi aliokuwa ameuficha kwa ajili ya siku ya arobaini yenyewe, akaanza kufukiza kona moja baada ya nyingine, akiifuata harufu mbaya ilikokuwa inatokea.

Niliingia na mikono yangu ya grisi nikamkuta ameinama nyuma ya kochi. Betri hakuigusa, alikuwa ameambiwa asiiguse. Alikuwa ameshika chetezo juu yake, kwenye usawa wa goti, na anayapuliza makaa yashike vizuri. Nilisikia maji ya betri yakitokota. Nyuma ya pazia, hatua chache tu kutoka pale, mke wangu na mtoto walikuwa wamelala.

Mtu ambaye sijawahi kumshika hata mkono wa salamu, siku hiyo nilimsukuma kwa bega. Nilimpora chetezo mkononi, nikatoka nacho mbio katikati ya wageni waliokuwa wanavua viatu, nikakitupa nje. Kilipasuka. Makaa yakatawanyika mchangani na udi ukaendelea kufuka taratibu, harufu yake nzuri sana. Nikarudi, nikazima chaja ukutani, nikafungua dirisha na mlango wa nyuma. Vibanio sikuvigusa, niliacha upepo upite kwanza.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno machache tu yangetosha. Lakini niligeuka nikamkuta mama mkwe amejishikiza kwenye kochi, ananitazama machoni, na wenzake wamesimama mlangoni na viatu mkononi. Nikainamisha kichwa nikatoka nje. Nikiwa kibarazani nilimsikia mmoja wao anauliza kwa sauti ya chini, "Kwani huyu mkweo hapendi udi?" Mwenzake akamjibu, "Udi gani, shoga? Mtu kamsukuma mkwewe." Walikaa kidogo, wakamtazama mtoto, wakaaga chai ikiwa haijapoa.

Mzigo wa Temeke haukwenda jioni ile. Asubuhi mke wangu alinifuata kibarazani, anatembea polepole huku ameshika tumbo.

"Mama kafunga mizigo yake," akasema. "Kaita bajaji."

"Si umweleze basi."

"Nimemweleza ilikuwa hatari. Kaniambia, kama ilikuwa hatari, aliyenisukuma ana mdomo." Akaegemea ukuta. "Mie sipeleki maneno tena, nimechoka. Semeni wenyewe. Ila akiondoka leo ujue, mie hata beseni la kumwogeshea mtoto siwezi kulinyanyua."

Niliogopa kuliko nilivyoiogopa betri. Nikajipangusa jasho, nikaingia.

Mama alikuwa amekwisha kuvaa baibui. Mkoba uko miguuni, mtoto mapajani, anamuaga kwa kumsomea dua. Nikakaa mkekani, palepale karibu na mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Maneno nilikuwa nayo, lakini kila nikiyaelekeza kwake yanagoma kutoka. Mwishowe nikamtazama mtoto.

"Mwanangu," nikamwambia, "mwambie bibi yako ile betri ikiwa kwenye chaja inatoa gesi, kama ya mtungi wa jikoni. Ikikutana na kaa la moto inalipuka. Na ndani mna tindikali, ikikurukia machoni unapofuka."

Mtoto akapiga mwayo. Mama akamweka sawa kofia yake.

"Mwambie baba yako," akasema, naye anamtazama mtoto, "mtungi wa jikoni mie niliuogopa siku niliyofika, na siku hiyohiyo ukatolewa nje ya dirisha. Muulize, hilo la sebuleni kwa nini halikutolewa?"

"Mwambie bibi, vibaka wangeiiba."

"Mwambie, waibe."

Nikajaribu upande mwingine. "Mwambie bibi nilimtuma mama yako amwambie."

"Niliambiwa nisiguse. Muulize, niligusa?"

"Hakugusa," nikamwambia mtoto.

Nilikuwa nimeficha mkono wa kulia chini ya paja, lakini wakati wa kujibu niliutoa bila kujua. Kiganja kilikuwa kimejaa malengelenge kwa sababu ya kile chetezo. Mama aliuona.

"Muulize baba yako huo mkono kapaka nini."

"Mwambie bibi, dawa ya meno."

"Dawa ya meno," akarudia polepole, akatikisa kichwa. "Mwambie ni mjinga."

Nje bajaji ikapiga honi. Mama hakuinuka. Alimtikisa mtoto kidogo kidogo mpaka macho yakaanza kufumba, akamfunika khanga miguuni.

"Sikiliza, mwanangu," akasema, nami nikadhani anaendelea na mtoto, mpaka nilipoinua uso nikakuta ananitazama mimi. "Chetezo ni udongo, sokoni vimejaa. Kunisukuma, nimeshaelewa kwa nini. Linaloniondoa hapa ni moja, kwamba ulijua. Kila jioni napita hapo na moto mkononi, mjukuu wangu yuko nyuma ya pazia, wewe umekaa unanitazama, unajua, na unaniambia shikamoo. Ndiyo heshima gani hiyo? Unamheshimu mtu mpaka unamwacha aungue?"

Machozi yalinitoka, sina sababu ya kuficha.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Niliona haya."

"Haya zako ziweke kwingine."

Bajaji ikapiga honi tena, ndefu zaidi. Mama akausogeza mkoba kwa mguu mpaka ukaingia chini ya kochi.

"Nenda kamwambie huyo wa bajaji aende zake," akasema. "Halafu urudi ukae hapa, unieleze hilo dude lako tangu linavyochomekwa mpaka linavyochomolewa. Na uniambie mie. Mtoto kalala."