Kimbelembele na Madirisha ya Chokaa

Mama mdogo wangu ameshona kola za sare kwa miaka ishirini na sita, katika karakana yenye cherehani thelathini na madirisha manne. Cherehani yake iko chini ya dirisha la tatu. Hapo, kwenye waya, alining'iniza kopo la mafuta ya kupikia, na koponi mmea unaotambaa: majani yana michirizi ya fedha juu, na chini ni zambarau iliyokolea. Wenzake waliubatiza Kimbelembele, maana huingiza mikono kusikoalikwa.

Haumwagilii maji ovyo. Kwanza hutia kidole udongoni. Kila Jumatatu huchuna ncha za matawi marefu na kuzichomeka humo humo koponi. "Ukiuonea huruma ukauacha urefuke," aliniambia, "unapata kamba ya kuanikia nguo."

Kisha akaja msimamizi mpya. Walimwita Tepu, kwa kuwa tepu ya kupimia haikumtoka shingoni ingawa hakuna aliyewahi kumwona akipima kitu. Tepu aliona mafundi wanatazama nje. Jumapili moja akapaka vioo vyote vya karakana chokaa.

"Taa si zipo?" alisema.

Taa zilikuwepo, tena chovu. Kola ya bluu nzito hushonwa kwa uzi wa bluu nzito, na kwa macho ya miaka hamsini na nane mshono huo hauonekani bila jua. Wiki ya kwanza mama mdogo alirudishiwa kola tisa. Wiki ya pili, kumi na nne. Tepu akamwambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba labda wakati wa kupumzika umefika.

Kimbelembele naye akapauka. Fedha ilififia, majani yakaachana kwenye shina kama meno ya uzeeni.

Mama mdogo akatoa wembe wake wa kufumulia, akakwangua chokaa kiasi cha kiganja.

"Nani amekwangua hapa?" Tepu aliuliza.

"Kimbelembele," alijibu bila kuinua uso. "Si unamjua? Hana adabu."

Cherehani zote zilisimama kwa kicheko. Tepu akapaka tena. Yeye akakwangua tena. Mara ya tatu Tepu alibeba kopo lenyewe, akalipeleka ofisini kwake. Tawi moja lilikatika likabaki kwenye waya. Mama mdogo akalitia kwenye chupa ya maji, juu ya cherehani.

Hapo Tepu alijikwaa. Dirisha la ofisi yake hakulipaka chokaa.

Wiki tatu baadaye alimwita mama mdogo kutia saini barua ya kuacha kazi kwa hiari. Aliingia na chupa yake, tawi limepauka. Dirishani, Kimbelembele alikuwa amenona, fedha inang'aa, zambarau imerudi. Barua hakuitazama. Alitungua kopo, akatoka nalo, akasimama katikati ya karakana.

"Mmea ni mmoja," alisema. "Hili kopo limekaa kwa bosi. Hii chupa imekaa na sisi. Haya, tatizo ni macho yangu?"

Tepu alikuwa mlangoni. "Shangazi, rudi tumalize."

"Shangazi yako yuko kwenu. Mimi nina kazi."

Akalirudisha kopo kwenye waya, akapanda kiti, akaanza kukwangua kioo kizima, saa nne asubuhi, watu wakimwona. Fundi wa vifungo, ambaye hata salamu huitoa kwa mashaka, akachomoa wembe wake akaenda dirisha la kwanza. Wakafuata wa mifuko, kisha wa mikono. Chokaa ilianguka kama unga. Tepu alifoka kuhusu mishahara, halafu akarudi ofisini. Ukifukuza mafundi thelathini, sare hazitajishona.

Jioni Tepu aliileta barua hadi kwenye cherehani ya mama mdogo, akaiacha hapo bila kuomba saini. Nilipomtembelea juzi niliiona. Mama mdogo ameikunja mara nne na kuifunga chini ya kopo, inyonye maji yasidondokee kola.